Siku Niliyolala Kitanda cha Mtihani

Kama aibu ingekuwa ng'ombe, mimi ningekuwa tajiri kuliko wachuuzi wote wa soko la mifugo hapa Isiolo, bwana yangu Guyo akiwemo. Mpaka leo kuna wanawake wakikutana na mimi njiani wanashika matumbo yao na kucheka. Basi afadhali niwaambie mwenyewe, maana mkiambiwa na hao mtaongezewa chumvi.

Ilikuwa mwanzo-mwanzo wa miaka ya themanini. Nilikuwa mkunga wa siku nyingi hospitalini, na nilikuwa nimeteuliwa kwenye ile bodi iliyokuwa ikiwatahini wakunga na kuwapa vyeti, mwanamke wa kwanza wa kutoka pande zetu, Mborana, tena na buibui lake (mnaweza kufikiria kichwa kilivyovimba). Kila nikienda mkutano Nairobi wimbo wangu ulikuwa mmoja: hawa watahiniwa wanabuni majibu! Msichana anashika tumbo la mama, mikono haijamwambia kitu, halafu anakariri kitabu, kichwa kiko chini, mgongo uko kushoto, kumbe mtoto amelala vingine kabisa. Nilisema watu kama hao wataua akina mama, na bado nasema hivyo.

Mwaka huo, baada ya mimi kupiga kelele sana, bodi ikakubali mtihani wa vitendo wa wasichana wa kaskazini ufanyiwe kwetu. Mwenyekiti wetu, Bi Mwende, mama mpole wa Machakos, akaja mwenyewe kuusimamia. Akina mama wajawazito tulikuwa tumewaomba kutoka Kipsing, mbali na mji, makusudi, wasiwe wamewahi kushikwa na hao wasichana kwenye kliniki ya mjini. Asubuhi ya mtihani tukaletewa habari kwamba mvua imenyesha huko na lori lao limezama kwenye matope.

"Sista Dahabo," Bi Mwende akaniambia, "hapa hakuna njia. Tuahirishe."

Nikaona kelele zangu zote zikienda na maji. Nikamwambia, "Hatuahirishi kitu. Mimi nitalala kitandani."

"Wewe?"

"Mimi. Tumbo ninalo, na ni tupu. Atakayesema amepata mtoto humu, huyo ndiye mwongo tuliyekuwa tukimtafuta."

(Tumbo lilikuwa kubwa kweli, lakini mimi nilijua ni la maziwa ya ngamia na uzee. Damu yangu ilikuwa imeanza kurukaruka, halafu ikapotea, nikasema ndiyo imekatika hiyo. Na yale mambo ya kugeuka-geuka tumboni nilikuwa nikiyaita gesi na kuyanywia tangawizi.)

Basi nikavua buibui, nikajifunika shuka mpaka usoni wasinitambue, tumbo peke yake likabaki nje, na wallahi nililala pale kwa raha kama mtu aliyemtegea fisi.

Wa kwanza kuingia alikuwa msichana wa Kimeru, Nkirote. Akapapasa, akapapasa, mikono baridi kama chuma, mwishowe akasema, "Mama huyu ana mimba ya kama miezi saba. Kichwa cha mtoto kiko juu, hapa chini ya mbavu." Mimi chini ya shuka nauma mdomo nisicheke. Alipotoka tu nikachomoza kichwa. "Umesikia? Sifuri huyo! Andika sifuri!" Bi Mwende akaandika.

Akaingia wa pili, Akiru, Mturkana, mzaliwa wa hapa mjini. Naye akapapasa. "Miezi saba. Kichwa kiko juu."

Maneno yale yale! Sikungoja atoke. Nikaitupa shuka nikaketi, msichana akaruka nyuma akaangusha trei ya vyombo, na mimi tumbo wazi napiga kelele, "Mmepangana! Yule mwenzako amekuambia nini huko nje?"

"Hajaniambia kitu, Sista. Amewekwa chumba kingine."

"Mwongo! Huu mtihani umeibwa!"

Hapo ningeweza kunyamaza, lakini nani wa kuninyamazisha? Nikaamuru watahiniwa wote waletwe, na matroni, na wauguzi wa wodi, hata mzee wa stoo, waje washuhudie. Wakajaa ukutani. Nikawaambia hawa wawili cheti hawatapata, na nitahakikisha hata kazi ya kufagia wodi hawaipati. Akiru akaanza kulia. "Sista, mama yangu ameuza mbuzi wake wote nisome." Hata hilo halikuniingia.

Nkirote ndiye aliyesogea mbele.

"Sista, mimi sikubuni. Nipe ruhusa nisikilize."

"Sikiliza!" nikajitupa tena kitandani. "Sikiliza hata mpaka Maghrib!"

Akachukua kile kipembe cha mbao tunachosikilizia mapigo ya mtoto, akakisimamisha tumboni kwangu, akainama. Akamwita Bi Mwende kwa mkono. Bi Mwende akainama naye, akatazama saa yake, akasikiliza kwa muda mrefu hata nikaanza kukasirika. Akainuka, kipembe akakiacha kimesimama tumboni kwangu, akavua miwani.

"Dahabo," akasema, bila Sista, "mara ya mwisho kuona damu yako ni lini?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Na hapo ile gesi yangu ikapiga teke, watu wote wakitazama, kipembe kikayumba, kikaanguka sakafuni.

"Subhanallah," akasema mzee wa stoo.

Jamani, nilikauka. Mimi! Mimi niliyekuwa nimewazalisha nusu ya akina mama wa mji huu, na wiki iliyopita tu nimesimama kwenye baraza la chifu nikiwakemea wanaozaa baada ya miaka arubaini! Nilisikia mtu akicheka, halafu akaacha, kwa sababu Bi Mwende alikuwa anabonyeza miguu yangu iliyovimba, na vidole vyake vilikuwa vinaacha mashimo. "Mpimeni presha." Akiru akanipima, machozi hayajakauka, akaisoma kwa sauti ndogo. Ilikuwa ya kuua mtu. Kitanda kile kile nikalazwa.

Guyo alikuja kutoka sokoni, habari imeshamfikia huko. Akatoa salamu, akasimama na fimbo yake. "Naambiwa umeanguka mtihani." Nikacheka, nikalia. Akaketi, akauliza polepole, "Utapona?"

"Sijui," nikasema, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kulitamka neno hilo ndani ya hospitali ile.

Nilipona. Binti yetu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kifurushi cha majani chai, akitanguliza matako. Akiru alinishika mabega, Nkirote akampokea, wote wawili wakiwa na vyeti vyao, maana ile sifuri ilifutwa, na mimi nilikuwa nimewaomba msamaha mbele ya wale wale niliowaita. Bodi nilitaka kuiacha, Bi Mwende akakataa.

Nikabaki, lakini nimeapa: mtu akisema amesikia kitu nisichokisikia mimi, namwacha asikilize tena, na mimi nanyamaza. Ni kazi ngumu, jamani. Mdomo wangu mnaujua.