Fundi Aliyemshonea Adui Kola

Majivuno ya Shangazi hayafichiki, na nani amlaumu? Fundi cherehani wa miaka na mikaka, mjane, alimlea mtoto wa kaka yake tangu anatambaa hadi akaingia chuo kikuu. Mazoea yao yalikuwa haya: kijana akiandika insha, humsomea Shangazi aliyeketi kwenye cherehani akishona. Sentensi ikiwa mbovu, cherehani husimama, naye kijana hufuta.

Mwaka wa mwisho chuoni, kijana akajiunga na wenzake wachache waliokuwa wakisoma wanafikra wakali wa zamani. Kalamu yake ndiyo iliyopendwa, akapewa kazi ya kuandika tamko la kundi. Mchana mmoja akavuta kigoda, akamsomea Shangazi.

"Damu ya mfalme dhalimu ni halali." Cherehani ikaendelea, Shangazi naye madhalimu hana hamu nao.

"Maneno yamechoka. Sasa tendo lihubiri. Bomu moja lazidi vitabu elfu." Mguu wa Shangazi ukapunguza mwendo.

"Na anayeutumikia utawala huo, kwa kalamu au kwa sindano, naye ni adui. Hakuna asiye na hatia."

Cherehani ikasimama.

"Hapo pana kasoro gani, Shangazi?"

"Hapana kasoro. Pamenyooka kabisa." Akainua shati lililokuwa halijatiwa kola. "Hii sare ni ya karani wa posta, na sare hizi ndizo zilizokusomesha. Sasa niambie, baba, bomu lenu litaanza na mimi au na wewe?"

"Hiyo ni nadharia tu."

"Mwenye kiberiti hawashi mpaka aambiwe kwa nini. Nyinyi ndio mnaomwambia."

Kijana alikunja karatasi, akatoka bila kuaga. Shangazi akatia kola, akijua mtoto anaweza kupotea moja kwa moja.

Hakupotea. Leo anafundisha historia, na somo lake ni hilohilo: jinsi wazo linavyoanza na mfalme na kuishia kwa mpita njia. Kundi nalo lilisambaratika. Alipoondoka mwandishi, hakuna aliyekubali kubeba bomu. Lakini Shangazi hajivunii huo ualimu wa kijana. Kila mteja anayekaa kupimwa husimuliwa habari ya jioni ya siku ileile ya tamko, kijana alipowataka wenzake waifute ile sentensi ya mwisho, kwa kuwa inamhukumu shangazi yake.

"Mapinduzi hayana shangazi," kiongozi wao alimjibu.

"Mimi ninaye," akasema, akachukua karatasi zake.