Kiraka cha Mgongoni

Neno lililotuponza ni moja tu, na aliyelitamka hakuwa na nia mbaya. Nesi wa zamu alikuwa anamweleza mama yetu jinsi mdogo wangu atakavyotibiwa, akaona atumie Kiswahili chepesi, maana Kiswahili cha mama ni cha shambani, alikipata ukubwani baada ya Kirundi. Akamwambia, "Mama, tutamchuna dada mtu ngozi kidogo pajani, tumbandike mgonjwa."

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama nesi. "Anayechunwa ni mbuzi," alisema, "na anachunwa akishakufa."

Nilicheka, wodi nzima ikageuka. Mama hakucheka.

Mdogo wangu aliungua Kakese, kwenye shamba la mumewe, ndani ya bani, kile chumba cha udongo cha kukaushia tumbaku. Aliingia kushusha majani, moto ukayadaka, na mlango ulikuwa mmoja. Mgongo wote uliungua, na miguu kwa nyuma mpaka visiginoni. Uso ulisalimika, na hilo ndilo lililowadanganya watu. Waliokuja kumpa pole walimkuta anaongea na kuomba soda, wakarudi makwao wakisema atapona.

Daktari hakusema atapona. Alikuwa mama mmoja mpole, mmoja wa madaktari bingwa waliokuja hospitali ya Mpanda kwa siku chache. Alinieleza kwamba kidonda kikubwa namna ile kikikaa wazi, mwili unapoteza maji na vijidudu vinaingia, na ngozi nzima iliyobaki kwa mgonjwa isingetosha kuufunika mgongo kwa mara moja. Nchi nyingine, alisema, kuna benki ya ngozi. Mtu anakubali akiwa hai kwamba akifa ngozi yake ichukuliwe, ihifadhiwe kwenye baridi kali, imfae aliyeungua.

"Sisi hapa benki yetu ni ndugu," alimalizia.

Ngozi yangu ingekaa wiki chache, kisha mwili wa mdogo wangu ungeikataa, idondoke. Lakini katika wiki hizo angepata nguvu, nao wangerudi kumbandika ya kwake mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nashonea pale Nsemulwa, kwa hiyo nilielewa haraka. Ni kiraka cha kuishikilia nguo wakati kitambaa chake kinatafutwa. Nilikubali palepale.

Nilipozinduka, paja lilikuwa linawaka kama limepakwa pilipili. Mdogo wangu alilala kifudifudi kitanda cha pili, akanichungulia kwa jicho moja. "Dada, na weusi wako huo, si umeniharibia rangi?"

Nikamwambia ashukuru, angalau sasa ana ngozi ya mtu mwenye adabu. Tulicheka hadi tukaumia. Siku walipofungua bandeji daktari akasema ngozi imeshika, na kwa kweli ilikuwa imelala vizuri, nyeusi kuliko yake, imetulia. Baada ya hapo wale madaktari bingwa wakaondoka, wakaahidi kurudi.

Lakini lile neno lilikuwa limeshatoka getini. Huku kwetu tumekua tukitishwa na habari za wachuna ngozi. Ukichelewa kurudi kutoka kisimani ndio ulikuwa unatajiwa hao. Nilipochechemea kwenda sokoni, muuza ndizi ambaye nimemshonea sare za wanawe miaka yote aliniuliza kama ni kweli kuna friji limejaa ngozi za watu. Nilimjibu vibaya, nikaondoka bila ndizi. Wodini, mwanamke wa Kawajense aliyelala jirani yetu aliomba ahamishiwe kona nyingine. Wanawake waliokuwa wanapika uani walikuwa wakinyamaza nikifika, na hakuna aliyeniazima kiberiti. Nilianza kuogopa, sikujua naogopa nini hasa.

Shemeji yangu alikuja na wazee wawili wa kwao. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alisimama miguuni mwa kitanda akasema, "Shemeji, wale madaktari wamesema wenyewe kwamba watarudi. Watarudi kumalizia nini?"

Nilikasirika. Nilipandisha kitenge, nikafungua bandeji mbele yao wote, nikawaonyesha paja. "Aliyechunwa ni mimi," nikasema, "na niko hapa nabishana na nyie."

Mzee mmoja aligeuza uso pembeni. "Kumbe ni kweli," alisema kwa sauti ya chini.

Nesi alieleza, daktari wa zamu akaeleza, kwamba mgonjwa akiondolewa sasa atakufa. Wazee waliwasikiliza kwa heshima kabisa. Nilimtazama mama, maana shemeji asingethubutu kumpinga mama mkwe, lakini mama alikuwa anakunja shuka za mgonjwa. Walimbeba mgonjwa kwenye godoro mpaka garini. Alinishika kidole akauliza, "Dada, si itadondokea njiani?" Nikamwambia haidondoki, imeshikwa imara.

Niliwafuata Kakese kila nilipopata pikipiki. Walimpaka majani waliyopewa na mganga, na harufu ya chumba ilibadilika. Homa ilipopanda alianza kuniita kwa jina la mtoto wake. Shemeji alikubali kumrudisha hospitali asubuhi ile ambayo hakuwa na wa kumrudisha tena.

Tulimwosha sisi wanawake, mlango umefungwa. Mgongo ulikuwa umeharibika kiasi kwamba shangazi mmoja alitoka nje akashindwa kurudi. Katikati, juu kidogo ya kiuno, kiraka changu kilikuwa bado kimeshika, cheusi, kizima.

Mama alisimama na kitambaa mkononi. "Hapa ni pako," akaniambia.

Sehemu nyingine alizikosha kwa maji ya ndoo kama yalivyo. Alipofika pale aliagiza maji mengine, ya moto na ya baridi, akayachanganya. Kisha akazamisha kiwiko, akangoja, akaongeza ya baridi, asije akaniunguza.