Daktari wa Vifungo na Mtumbwi wa Kilian

Tangu Hildegardi Kapinga aondoke, chumba cha mwisho kwenye korido ya hospitali, hapo Mbinga mjini, kimekuwa kimya kama sakristia siku ya Jumatatu. Zamani ukipita mlangoni ulisikia kinu kikitwanga, ulisikia maharage yakimwagwa kwenye ungo, ulisikia mtu mzima akikigombeza kifungo cha shati lake. Kinu bado kipo. Ungo umetundikwa ukutani. Kuna kibao alichokivika kitambaa cha shati ili watu wajifunze kufunga vifungo, na juu yake mgonjwa fulani ameacha kifungo kimoja nusu kimeingia, nusu hakijaingia. Hakuna aliyekimalizia.

Wagonjwa wanaendelea kuja. Muuguzi Winifrida, ambaye meza yake iko jirani na chumba hicho, ndiye anayewajibu.

"Yule daktari wa vifungo yuko wapi?" aliuliza mama mmoja kutoka Litumbandyosi.

"Amehama, mama."

"Sasa mimi nani atanifunga?"

"Jifunge mwenyewe. Si ndivyo alivyokufundisha?"

Kwa cheo chake Hildegardi hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa tiba kazi, na watu wengi walichukua muda kuelewa maana yake. Walikuja wakitegemea sindano. Badala yake mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba aliwavutia kiti na kuwauliza: "Kabla hujaumwa, ukiamka asubuhi, mkono wako ulishika nini kwanza?" Mmoja alisema ufagio. Mwingine rozari. Mzee mmoja alifikiri sana, akasema chupa, na mkewe akaitikia kwamba huo ndio ukweli. Hildegardi aliandika yote bila kucheka, kisha akaanzia hapo: ufagio wenye mpini mnene kwa mkono usiofumba vizuri, rozari ya kokwa za kahawa kwa vidole vilivyosahau kutenganisha kitu kidogo na kingine. Aliamini kwamba mkono hukumbuka kazi yake kabla kichwa hakijakumbuka, na kwa miaka kumi na minne imani hiyo haikumwangusha.

Alijifunza hilo mapema, nyumbani kwao Kitura, kijiji cha milimani, kabla hajajua kwamba lina shule yake. Baba yake, Augustino, alianguka kutoka juu ya lori la kahawa akavunjika mgongo. Alilala miaka miwili. Alilishwa, alioshwa, aliombewa. Watu wa Kitura ni wema, na wema wao ulimpokonya kila kitu mikononi, hata kijiko. Siku moja Hildegardi, akiwa na miaka kumi na mmoja na haraka ya kwenda kucheza, alimwekea baba yake ungo wa maharage kifuani amsaidie kuchagua. Aliporudi akakuta maharage yamechaguliwa safi, mawe yamewekwa kando kwa mstari, na baba yake akauliza kama kuna mengine. Alikuwa hajauliza chochote kwa miezi kadhaa. Akachagua maharage ya nyumba yao, kisha ya majirani, mpaka siku aliyokufa. Hildegardi alipokwenda Moshi kusomea tiba kazi, walimu walimpa majina ya mambo. Mambo yenyewe alikuwa nayo tayari.

Mara moja kwa mwezi alishuka ziwani. Gari la hospitali liliteremka kona baada ya kona, joto likaanza kuingia dirishani, kisha Ziwa Nyasa likajitokeza lote kwa pamoja, bluu, limesimama kama ukuta. Hakulipenda. Mtoto wa milimani hufundishwa kuuheshimu mteremko, lakini maji hayamo katika mafundisho yake. Pale Mbaha, kijiji cha ufukweni, alifanyia kazi kwenye veranda ya zahanati, na kiti chake alikiweka ziwa likiwa mgongoni.

Kwenye veranda hiyo, mwezi wa Machi, aliletewa Kilian. Alikuwa mvuvi wa miaka hamsini na minane. Kiharusi kilimpiga Januari akiwa anavuta wavu, na upande wake wa kulia ukawa kama umeazimwa na mtu mwingine. Mkewe, Lidia, alikuwa amemshika kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Kilian kwa nusu ya mdomo.

"Kabla hujaumwa, asubuhi mkono wako ulishika nini kwanza?"

"Kafi."

Hildegardi akaandika: kafi, kasia fupi la mtumbwi. Halafu akafanya jambo ambalo angelifanya yeyote aliyezaliwa Kitura. Akaanza na miguu.

Milimani kazi huanzia kwenye nyayo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba ubavuni mwa mlima. Wanawake husimama ndani ya kila mraba, huchimba shimo, na udongo wake huutupa juu ya zile nyasi. Hizo ndizo ngoro, na asiyeweza kusimama imara kwenye mteremko hana ngoro, hana maharage, hana neno kikaoni. Kwa hiyo Kilian alisimama. Alisimama Aprili akishika nguzo, Mei akishika fimbo, Juni bila kushika kitu huku Lidia akihesabu hadi mia. Alipanda kichuguu cha mchanga nyuma ya nyumba, akashuka, akapanda tena. Alitembea mpaka kanisani na kurudi. Hildegardi aliandika kwenye faili: anaendelea vizuri sana. Na kweli ilikuwa hivyo, ila Kilian alizidi kunyamaza kadiri alivyozidi kusimama.

Siku moja ya Julai Kilian hakuja zahanati, Hildegardi akamfuata, akamkuta ameketi kwenye gogo mbele ya nyumba yake.

"Simama nikuone, baba."

Kilian akasimama.

"Umeona? Machi ulibebwa."

"Nimeona. Nimesimama," alisema Kilian. "Sasa nisimame mpaka lini?"

Lidia aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Hildegardi akasema wataongeza mazoezi ya mguu mmoja, ili awe imara atakaporudi kazini.

"Mwanangu, umewahi kuona mtu amesimama ndani ya mtumbwi wetu?"

"Hapana, baba."

"Huyo anayesimama ni yule anayetaka kuogelea."

Ndipo Lidia alipomweleza kilichokuwa kinawakosesha usingizi. Mtumbwi ulikuwa wa marehemu baba yake Kilian, na katika ukoo wao mtumbwi ni wa yule anayeuingiza majini; ukikaa nchi kavu, mkubwa ndiye huamua. Miezi sita ulikuwa haujagusa maji. Kaka mkubwa, Elias, aliyeacha uvuvi akafuga nguruwe, alikuwa amesema wazi kwamba atauchukua, ataukata katikati na kuufanya hori la kulishia. Hakuwa mtu mbaya. Kwake mbao inayooza bure ilikuwa dhambi.

"Na mimi niwe mvuvi anayeomba samaki," alisema Kilian.

Hildegardi aliomba aonyeshwe mtumbwi. Ulikuwa umelazwa kifudifudi juu ya magogo mawili ufukweni, na kwenye ncha ya mbele palikuwa na ufa wa upana wa ukucha. Elias alikuwa hapo, mrefu, mikono nyuma, akiukagua kama mtu aliyeuona kwenye ndoto ukiwa tayari umekwisha kukatwa.

"Karibu, dokta. Umekuja kumpa na mtumbwi mazoezi?"

"Shikamoo, mzee. Nisaidieni kuupindua."

Waliupindua. Hildegardi akavua raba zake, akataka kuingia, akakwama. Hakuwa amejua. Mtumbwi wa huku huchongwa kwa gogo moja na mdomo wake huachwa mwembamba kiasi kwamba nyonga za mtu mzima haziingii. Mvuvi huketi juu ya kingo zake, miguu ameikunja ndani, na mwili wote husimamiwa na kiuno. Aliketi hivyo, juu ya mchanga mkavu, hakuna hata tone la maji karibu, na mtumbwi ulipoinama kidogo upande mmoja akajikuta amemshika Elias mkono.

"Ziwa bado liko kule, dokta," alisema Elias. "Huku ni nchi kavu."

Watu waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa hilo, walicheka. Hildegardi hakucheka, wala hakuteremka. Alikaa pale akiinamia kulia, akiinamia kushoto, akisikiliza ni wapi mwili unajibu. Nyayo hazikujibu kitu. Magoti kidogo. Kiuno ndicho kilichofanya kazi yote, kiuno na mbavu, mahali ambapo kwa miezi minne hakuwa amempa Kilian zoezi hata moja.

"Nimekosea, baba," alisema. Aliyasema mbele ya wote, kwa sauti ileile aliyoulizia habari za asubuhi. "Uliniambia kafi, mimi nikakufundisha kulima mlimani."

"Basi Kitura wanipe shamba," alisema Kilian, na ilikuwa mara ya kwanza Lidia kumsikia akitania tangu Januari.

Hildegardi akamgeukia Elias. "Nipe mpaka mwisho wa Septemba. Asipoweza, nitakushikia msumeno."

"Nitauleta ukiwa umenolewa," alisema Elias.

Wiki hiyohiyo kazi ilianza upya. Waliufukia mtumbwi nusu kwenye mchanga ili usitikisike, wakaufunika magunia yenye maji ufa usizidi, na Kilian akaketi juu yake asubuhi na jioni. Upande wa kushoto Lidia alipanga mawe kumi. Kilian aliinama, akaokota moja, akageuka, akaliweka kulia. Mkono wa kulia haukuweza kulikamata kafi, kwa hiyo Hildegardi akalizungushia mpini wake mpira wa baiskeli mpaka ukanenepa, kisha akashona mkanda wa kuushikilia mkono, wenye fundo ambalo mkono wa kushoto ungelifungua kwa mvuto mmoja kama mtumbwi ukipinduka. Fundo hilo alilijaribu nyumbani kwake Mbinga jioni nyingi, akiwa ameketi juu ya mkono wa kochi na ufagio mkononi. Kwenye vipumziko Kilian alishona nyavu: mkono mgonjwa ukishika uzi tu, mkono mzima ukipitisha sindano ya mti. Wavu wa kwanza ulitoka umepinda kama mguu ulioteguka. Wa tatu, Lidia aliutundika nje watu wauone.

Mwanzoni Hildegardi alikuwa akija mara moja kwa mwezi. Sasa alikuja kila baada ya wiki mbili, nusu ya siku hizo akizikata kwenye likizo yake. Kila alipokuja waliondoa mchanga kidogo, na mtumbwi ukazidi kuyumba.

"Kilian, umevua nini leo?" waliuliza wapita njia.

"Mbuzi wawili. Mmoja alikuwa mdogo, nimemrudisha."

Agosti wakauziba ufa kwa nyuzi za wavu wa zamani na lami. Kilian aliketi juu ya mtumbwi uliokaa kwenye mchanga wa juujuu tu, akainama mpaka kiganja kikagusa chini, akarudi wima. Hildegardi hakuwa na shaka tena. Alijua jinsi kazi nzuri inavyoonekana ikikaribia kuiva, kama vile mama yake alivyomjua ndama atakayesimama.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba ziwa lilikuwa tulivu. Elias alikuja na msumeno begani. Vijana wanne wakausukuma mtumbwi mpaka maji yakawafika kiunoni, wakamketisha Kilian, Lidia akafunga mkanda wa kafi. Kilian akamtazama Hildegardi, aliyekuwa amebaki mchangani.

"Panda."

"Sijui kuogelea, baba."

"Nilisimama miezi minne kwa sababu ulisema. Panda."

Akapanda. Aliketi mbele, amekunja miguu, akishika kingo, na kwa mara ya kwanza hakuwa amelipa ziwa mgongo. Kafi likaingia majini nyuma yake. Mkono wa kulia ulisukuma kidogo kuliko wa kushoto, kwa hiyo mtumbwi ulitaka kuzunguka. Kilian akainamisha kiuno upande wa pili, ukanyooka. Ukapinda tena, akaunyoosha tena. Walifika kwenye maboya ya wavu wa jirani, mahali ambapo maji hubadilika rangi, wakageuka. Hildegardi baadaye alimwambia Winifrida kwamba alisali sala zote za Kikatoliki anazozijua, akamaliza, akaanza na za Waanglikana.

Waliporudi Elias aliushika mtumbwi kwa mikono yake mwenyewe, akauvuta, akaukagua ufa. Ulikuwa mkavu.

"Unakwenda kama mlevi," alimwambia mdogo wake.

"Lakini anafika," alisema Lidia.

Elias akachukua msumeno wake akaenda zake. Jumatatu iliyofuata Kilian aliingia majini na mpwa wake, wakarudi na usipa wa kujaza beseni moja na mbasa mmoja, samaki mkubwa wa ziwa hilo. Mbasa alipelekwa kwa Elias. Ndivyo ilivyo kwao: samaki wa kwanza huenda kwa mkubwa.

Hildegardi alirudi Mbinga akatoa mafaili ya wagonjwa wote wa ziwani aliowatibu kwa miaka minne. Alikesha nayo siku tatu bila kumwambia mtu. Walikuwa kumi na tisa, na karibu wote alikuwa amewasimamisha. Wengine walihitaji hivyo. Wengine walikuwa watu wa kazi za kuketi, wachonga makafi, wasuka mikeka, wavuvi, nao walikuwa wameacha kuja, na pembeni ya majina yao alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: hana ushirikiano. Alichukua kalamu akayakata maneno hayo kwenye kila faili, akatia sahihi na tarehe. Kisha akaandika barua ya kuomba uhamisho, aya moja, bila sababu ndefu.

Winifrida alimuuliza kama ana akili timamu, kuacha nyumba na baridi ya Mbinga akafuate mbu.

"Huko kuna watu kumi na tisa sijawauliza vizuri," alisema Hildegardi.

Barua ilijibiwa mwezi wa Februari. Hildegardi Kapinga sasa amepanga vyumba viwili Mbamba Bay, anahudumia vijiji vya ufukwe wa Nyasa siku nne kwa wiki, na kati ya wale kumi na tisa amekwisha kuwapata kumi na mmoja.