Herufi Ndogo za Mkwe Wangu

Mkwe wangu ana duka la kompyuta pale Ekero, na juu ya mlango ameandika kwamba yeye ni mtaalamu. Mtaalamu wa nini, hajasema. Mimi shule niliiona kidogo utotoni, na kisomo kingine nilikipata uzeeni kwa masomo ya ngumbaru, lakini mtu akijipa jina kubwa najua kumuuliza amelipata wapi. Huyu nisingeweza kumuuliza. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawakai pamoja katika chumba kidogo. Na duka lenyewe ni upana wa kibanda cha kuku.

Kwa hivyo Ijumaa hiyo nilikaa nje kwenye benchi, mgongo nikiuelekeza mlangoni, huku matrekta ya miwa yakinimwagia vumbi. Binti yangu alisimama kizingitini, kati yangu na mume wake, akiingiza maneno yangu na kunitolea karatasi.

Aliyenipeleka huko ni dada yangu mkubwa. Yeye ndiye alinivuta ngumbaru, na alisoma vizuri kunishinda. Sasa macho yake yameingia ukungu. Mwaka jana, siku ya akina mama kanisani, aliitwa asome sala ya kufungua. Kijitabu kilitengenezwa na huyo mtaalamu, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Dada akasimama, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu. Mama mmoja nyuma akasema, "Si mumwachie mwenye anajua kusoma!" Watu wakacheka. Dada akakaa, na tangu siku hiyo hakusoma tena mbele ya mtu.

Mwaka huu nikamwambia atasoma yeye. Akanijibu, "Nikiona, nitasoma. Nisipoona, siinuki. Na usinibembeleze, mimi si mtoto."

Basi kijitabu nikakisimamia mwenyewe.

Binti alitoka na ukurasa wa wimbo wa kwanza. Herufi zilikuwa zilezile ndogo, tena zenye mikia iliyojikunja.

"Mwambie aondoe mikia, na azikuze."

Karatasi ikarudi ikiwa nzuri. Ukaja wimbo wa pili: ndogo, na mikia. Nikarudisha. Wimbo wa tatu ukaja na mikia.

"Huyu mume wako amesikia Kiswahili ama niongee Kiluhya?"

"Mama, anasema si yeye, ni kompyuta. Akifungua kisanduku kipya cha maandishi, inarudi kwa ile tabia yake ya kwanza. Inaitwa difolti."

"Na tabia hiyo nani aliifundisha?"

"Anasema inakujanga hivyo kutoka kiwandani."

"Na mikia yake?"

Ndani nikasikia kikohozi, kile cha mtu aliyekutwa na mkono ndani ya sufuria. Wakanong'ona. Binti akatoka akitazama chini.

"Mikia aliiweka yeye, wakati wa kadi za harusi fulani. Tangu siku hiyo kila kitu kinatoka hivyo."

"Basi alivyoiweka ndivyo aitoe."

"Hajui aliiwekaje."

Hapo nilitamani desturi zetu zife kwa dakika moja. Mwanamume mzima, tai shingoni, amekula ingokho, kuku zangu, nyumbani miaka yote hii, kumbe anakaa na mashine iliyomshinda tabia naye anaisafisha nyuma kama mtoto anayeharisha! Kila ukurasa anakuza maneno, ukurasa unaofuata anakuza tena, na hiyo ndiyo anaita kazi.

"Mwambie anatia chumvi sahani kwa sahani," nikasema. "Atie kwa sufuria."

Binti akaingia, akatoka. "Anauliza sufuria ni gani."

"Mtaalamu ni nani hapa? Muulize, akitaka kukuza maneno hufanyaje?"

"Anayashika kwanza na mausi, halafu anachagua ukubwa."

"Ndiyo hiyo. Ukimshika mtoto mmoja sikio ukasema 'nyamazeni,' wale wengine wataendelea na kelele. Mwambie aachilie kila kitu. Asishike neno, asishike kisanduku. Mikono mitupu, achague herufi anayotaka na ukubwa, kisha ndiyo achore kisanduku kipya."

Binti yangu akaingia kumwambia. Halafu akacheka peke yake mle ndani. Wimbo wa nne ulitoka na herufi nene, zimesimama wima, hazina mkia hata mmoja. Mteja aliyekuwa akingoja fotokopi akauliza kumetokea nini, nami nikamsikia mkwe wangu kwa masikio yangu: "Ah, hiyo ni mbinu ndogo tu. Ninaijuanga siku nyingi."

Nikaondoka kabla ulimi haujavunja mila.

Jumamosi jioni binti akaniletea kijitabu kimefungwa tayari. Nikakipekua kuanzia nyuma. Nyimbo zote zilikuwa sawa. Nikafika mwanzo, kwenye sala ya kufungua. Herufi ndogo. Mikia.

Ukurasa huo aliuandika Alhamisi, kabla sijakalia benchi lake. Ile tabia mpya aliyoifundisha mashine ilishika visanduku vilivyokuja baadaye tu. Chumvi ya sufuria haikifuati chakula kilichokwisha kupakuliwa, na yeye hakufikiria kuonja. Kati ya kurasa zote, akauacha ule mmoja uliotutoa nyumbani.

Duka lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda Mumias kupeleka kadi zake za mikia. Binti akaanza kulia.

"Utalia kesho," nikamwambia. "Niletee ile kalamu nene ya kuandikia magunia ya mahindi."

Niling'oa karatasi kwenye kalenda ya zamani, nikaigeuza upande mweupe, nikaiandika sala yote, kila herufi kubwa kama punje ya haragwe. Haikutosha, nikang'oa ya pili. Nilizibandika kwa uji mzito ndani ya nakala ya dada, nikaziwekea jiwe la kusagia zikauke.

Jumapili akaitwa. Hakuinuka mara moja. Alikifungua kijitabu magotini kwanza, akakitazama muda mrefu hadi mchungaji akaanza kuchezea miwani yake. Yule mama wa nyuma akakohoa. Dada akasimama. Akasoma neno kwa neno, bila haraka, na mahali pa kuunganisha karatasi mbili alipumua kidogo akaendelea. Hakuna aliyecheka.

Baadaye wazee walimpongeza mkwe wangu kwa kijitabu. Alipokea kwa kutikisa kichwa polepole, kama mtu mwenye mengi zaidi kichwani. Sikumtazama. Mila inanikataza, na siku hiyo sikuona mzigo wowote kuifuata.

Dada alikuja akakaa kando yangu, kijitabu kikiwa bado wazi.

"Hii ni mkono wako," akasema.

"Ni wangu."

"Mbaya sana. Kama kuku amekwaruza." Akapitisha kidole juu ya karatasi, pale uji ulipokauka na kujikunja. "Mwaka ujao uandike kubwa kidogo kuliko hii. Na mistari uinyooshe."