Wanauliza kwa Daria, wananunua kwenye simu

Saa nne na nusu asubuhi, Jumamosi. Mwanamume mwenye jaketi la kijani amesimama dukani mbele ya rafu ya treni ndogo za mfano, simu mkononi. Anageuza boksi, anapiga picha namba iliyo ubavuni, analirudisha mahali pake. Kisha anasogea kaunta na kuuliza kama kichwa hicho cha treni kitaweza kupita kwenye kona kali, maana meza yake ya nyumbani ni fupi.

Daria Woloshyn ameiona simu. Huwa anaziona zote. Hata hivyo anaweka bisibisi chini, anafuta mikono, anakitoa kichwa kwenye boksi na kukipandisha kwenye reli ya majaribio. Kinaenda vizuri mpaka kwenye kona, kisha gurudumu la mbele linaruka.

"Hiki kirefu, kitakusumbua," anamwambia. "Chukua kile kifupi cha rafu ya chini. Kina nguvu ileile."

Mwanamume anashukuru kwa dhati. Anapiga picha boksi la kile kifupi pia, anasema atakwenda kufikiria, anatoka. Baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri inaingia mlangoni anapopita.

"Atakinunua," anasema Daria akiokota bisibisi yake. "Jumanne kitakuwa kibarazani kwake. Ila hakitatoka hapa."

Kwa kawaida hilo lingeishia hapo. Lakini Jumamosi hiyo ya Februari, Daria alikuwa akitazama saa ya ukutani kila baada ya muda mfupi. Saa nane mchana, katika ukumbi wa chini wa kanisa mtaa wa pili, chama cha wapenzi wa treni ndogo kilikuwa kinakutana kupiga kura. Na kura hiyo, kwa namna moja au nyingine, ilikuwa juu ya kazi yake.

Daria ana miaka hamsini na sita. Alizaliwa hapa hapa Transcona, mashariki mwa Winnipeg, baba yake akiwa fundi wa mabehewa katika karakana za reli. Kwao, anasema, watoto walijifunza kutofautisha honi za treni kabla ya kujifunza saa.

Amefanya kazi katika duka hili la Barabara ya Regent kwa miaka kumi na minne. Si lake. Ni la Walter Prokop, mzee wa miaka sabini na saba, aliyelifungua pamoja na marehemu mkewe. Wanauza treni, ndege na meli za kuunganisha kwa gundi, rangi, nyasi za bandia, na vidude vidogo ambavyo ukiviangusha kwenye zulia umeviaga.

Daria alianza kwa kupanga rafu. Leo ndiye fundi, mshauri na mwalimu. Kila Alhamisi jioni wateja walikuwa wanakusanyika chumba cha nyuma, wanakunywa kahawa, naye anawaonyesha jinsi ya kuunganisha nyaya na kufufua mota iliyokufa. Hakuna aliyewahi kulipa hata senti. Ndivyo duka lilivyokuwa likivuta watu.

"Watu walikuja kujifunza, wakaondoka na mfuko," anaeleza. "Baadaye wakaendelea kuja kujifunza, mifuko ikaacha kutoka."

Mshahara wake ni dola kumi na nane kwa saa. Miaka mitatu iliyopita alikuwa anafanya kazi siku tano kwa wiki. Sasa ni siku tatu.

Mwezi Januari mzee Walter alimketisha chini, akamwambia bila kuzunguka kwamba mkataba wa pango unakwisha Aprili. Bomba la maji lilikuwa limepasuka katika jumba la chama na kuharibu meza yote ya treni, kwa hiyo chama kilihitaji reli mpya, swichi mpya za kubadili njia, kila kitu kipya. Oda hiyo ikija dukani, angesaini mwaka mwingine. Isipokuja, basi.

Aliyetoa hoja kwamba oda ipelekwe kwa muuzaji wa mtandaoni hakuwa mgeni wala adui. Alikuwa Réal Desrosiers, mhazini wa chama, dereva mstaafu wa treni za mizigo, rafiki wa Daria wa miaka mingi. Mkewe Réal yuko katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, na mzee huyo amekuwa mtu wa kutazama bei ya kila kitu, mpaka mkate.

Mzee Walter alikataa kwenda kwenye mkutano. Alisema hajawahi kumwomba mtu anunue kitu na hataanza leo. Daria alifunga duka, akavaa buti, akaenda peke yake.

Ukumbini walikuwa watu ishirini na watatu, pamoja naye. Mwenyekiti wa chama, Arnel Dimaculangan, kijana mpole anayefanya kazi ya umeme hospitalini, alimvuta pembeni kabla ya kuanza. Alimwomba radhi, akamweleza kwamba wanachama kadhaa wanaona si haki yeye apige kura, kwa kuwa ni mfanyakazi wa duka. Angeruhusiwa kusema tu.

"Nilihisi kama nimevuliwa koti nje," Daria anakumbuka. "Mimi ni mwanachama mwaka wa nane. Lakini nikajiambia, nikigombana sasa nimeshindwa kabla sijafungua mdomo."

Réal alisema kwanza. Alieleza kwamba kwa kuagiza mtandaoni chama kingeokoa zaidi ya dola elfu moja, na kwamba chama chenyewe kimejaa wastaafu. Alisema hana ugomvi na mtu yeyote, na kwamba Daria ni fundi ambaye hajapata kumwona mwingine kama yeye. Ila fundi ni jambo moja na bei ni jambo lingine.

Daria aliposimama, karatasi aliyokuwa ameandika ilibaki mfukoni. Aliwauliza nani ataangalia swichi ikikataa, nani atawaambia kwamba kipande hiki hakioani na kile kabla hawajakifungua. Aliwaambia duka likifa halitafufuka.

Ndipo Réal, akiwa amekaa, akainua mkono.

"Dada Daria, samahani. Hizo buti ulizovaa umenunua wapi?"

Daria alizitazama buti zake.

"Mtandaoni," alijibu.

Wawili watatu wakacheka. Réal hakucheka. "Kwa nini?"

"Kwa sababu duka la viatu la hapa Regent lilifungwa."

"Lilijifunga lenyewe?"

Daria anakiri kwamba alitaka kukasirika na hasira haikuja.

"Hapana," akasema. "Tulilifunga sisi. Mimi nilikuwa naenda pale kujaribu saizi, kisha naagiza nikiwa nyumbani. Yule mama aliyekuwa anauza alikuwa anapiga magoti kunipimia mguu, Réal. Sasa hata nikitaka kumrudia, nitamrudia wapi?"

Alikaa. Mwenyekiti aliita kura, mikono ikainuliwa, ikahesabiwa mara mbili kwa sababu mtu mmoja alikuwa anasitasita. Kumi na watatu walitaka mtandao. Tisa walitaka duka.

Yaliyofuata ndiyo ambayo watu wa chama wanayasimulia hadi leo. Kahawa ilimiminwa, viti vikavutwa, watu wakaanza kuongea kuhusu barafu na hoki kama watu wanaotaka jambo lipite. Arnel akamsogelea Daria na kumuuliza, kwa upole wake wote, kama bado atakuja Alhamisi kuwaonyesha namna ya kuunganisha nyaya za swichi hizo mpya watakazoagiza.

Daria alimtazama Arnel, akatazama mikono yake mwenyewe, yenye alama za kuungua kwa miaka yote hiyo ya kuchomea nyaya za watu.

"Nitakuja," akasema, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. "Ila kuanzia leo mikono hii ina bei."

Ni Réal aliyeuliza: "Bei gani?"

Hakuwa amefikiria bei yoyote. Alitaja ya kwanza iliyomjia, dola arobaini kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mshahara wake, akasubiri kicheko. Hakikuja.

"Sawa," Réal akasema. "Umechelewa kuisema, dada. Ungeisema miaka kumi iliyopita."

Maneno hayo, Daria anasema, yalimuuma kuliko kura.

Jumatatu alimpa mzee Walter habari. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hatasaini. Daria akatoa wazo alilokuwa amekesha nalo siku mbili: kwamba yeye mwenyewe akodi chumba cha nyuma pekee, kile chenye mlango wa uchochoroni. Hatauza maboksi. Atatengeneza treni, atafundisha, na atatoza.

Mzee alikasirika. Alisema watu hawalipi kwa kuuliza swali.

"Nimeuza hapa maisha yangu yote, binti. Maswali yalikuwa bure, na ndiyo yaliyowaleta."

"Yaliwaleta, mzee," Daria alimjibu. "Hayakuwafanya wanunue."

Mzee hakumsemesha siku mbili. Walifanya kazi katika chumba kimoja kama abiria wasiojuana. Siku ya tatu Daria alimkuta mzee akifungua skrubu za meza ya kazi iliyokuwa sehemu ya mbele ya duka. Alikuwa anaisogeza chumba cha nyuma, peke yake, na mgongo wake ule. Alimwambia tu ashike upande wa pili.

Mwezi Machi bango la kumaliza mali likawekwa dirishani, nusu bei. Daria anasema hizo ndizo wiki ngumu kuliko zote. Watu ambao hawakuwa wameonekana miaka mitano walipanga foleni kwenye theluji. Mwanamume wa jaketi la kijani naye alikuja. Walijaza mikono, na mmoja mmoja walifika kaunta kutoa pole.

Mama mmoja, maboksi yakiwa yamemfika kidevuni, alimwambia kwamba inasikitisha sana, kwamba duka hili lilikuwa moyo wa mtaa, na kwamba mtaa usio na duka kama hili si mtaa.

"Nikamwambia asante, nikamrudishia chenji," Daria anasimulia. "Kisha nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa mpaka mzee akaja kugonga."

Sasa ni wiki ya mwisho ya Aprili. Rafu za mbele zimebaki mbao tupu, na sehemu hiyo itachukuliwa na watu wa kuuza simu. Chumba cha nyuma kina meza ya kazi, reli ya majaribio, viti vinane visivyolingana na dirisha moja dogo.

Mwenye jengo alitaka kodi ya miezi mitatu mbele. Daria ameilipa kwa pesa alizokuwa ameweka pamoja na mumewe, Len, za kubadilisha tanuri la kupashia nyumba joto, ambalo limezeeka na kuanza kunguruma. Len hakupinga, lakini hakushangilia. Alimwambia mkewe kwamba tanuri likizima Desemba, wote wawili watahamia uchochoroni wakalale na treni.

Ili alipe kodi na abaki na kitu, Daria anahitaji wanafunzi ishirini wa kudumu. Mpaka juzi alikuwa amepata kumi na mmoja. Arnel ni mmoja wao. Chama kimeshamlipa kwa jioni tatu za kuunganisha nyaya, na hundi ya kwanza ilisainiwa na mhazini, Réal Desrosiers.

Mwandishi wa simulizi hii alipomtafuta Réal kwa simu na kumuuliza kama anajuta, hakuzungusha maneno.

"Leo ningepiga kura ileile," akasema. "Pensheni yangu haijui urafiki, bwana. Mke wangu analala pale na kila mwezi kuna bili. Lakini Alhamisi nitakuwepo, nitakaa mbele, na nitalipa kama wengine."

Daria alipoambiwa maneno hayo alitikisa kichwa taratibu. Alisema anamwamini, na kwamba bado hajamsamehe, na kwamba anadhani mambo yote mawili yanaweza kukaa chumba kimoja kama vitabaki viti vya kutosha.

Mchana huu anapaka rangi mlango wa uchochoroni. Ameuchagulia kijani kilichoiva, na mikono ya jaketi lake imeshachafuka. Mzee Walter amekaa kwenye kiti nje, kwenye jua la kwanza la mwaka lenye joto, akimwonyesha sehemu alizoruka. Anamwonyesha nyingi.

Mpango wake ni kufungua tarehe mosi Mei. Kufika vuli anataka kuwe na darasa la Jumamosi kwa wanawake peke yao, kwa sababu wengi walimwambia dukani kwamba walitamani kujaribu na wakaona aibu kuuliza mbele ya wanaume. Akipata ishirini wake, atanunua taa ya pili. Akipata thelathini, atamrudishia Len tanuri.

Na asipopata?

Daria anachovya brashi, anaikung'uta ukingoni mwa kopo, anafikiri.

"Usiku naogopa. Nisikudanganye," anasema. "Huenda chumba hiki kikafungwa kabla ya Krismasi. Lakini ufunguo ni wangu. Siku kitakapofungwa, nitakifunga mimi, hakuna atakayeniita ofisini kuniambia." Anaangalia rangi inavyokauka kuzunguka kitasa. "Andika saa ya kufungua. Saa nne asubuhi. Na andika waingilie huku nyuma, maana mbele hatupo tena."