Siku Nilipokubali Treni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni siku niliyomkubalia mke wangu jambo alilokuwa akiliomba kwa miaka miwili. Nakusimulia kwa sababu umeniambia kesho unakwenda na mama yako hospitali, ukamtafsirie atakachosema daktari. Kaa kidogo. Chai ipo.

Mke wangu, Mama Chantal, alitaka kuiona Italia. Haikuwa anasa. Utotoni mwake kule Uvira, Kongo, alifundishwa kushona na mtawa Mwitaliano, na walipokaa na vitambaa vyao mtawa yule alimsimulia kijiji alikozaliwa, kijiji cha mlimani chenye kanisa dogo. Mtawa alifia kwetu, akazikwa kwetu. Mama Chantal akajiwekea kwamba siku moja atafika kule, awaambie ndugu wa mtawa kuwa binti yao alitunzwa vizuri mpaka mwisho. Tulipohamia hapa Sydney tukapata kazi, yeye jikoni kwenye nyumba ya wazee, mimi kuendesha forklifti, gari la kuinulia mizigo, ghalani Ingleburn, tukaanza kuweka akiba ya safari hiyo.

Hapo ndipo ubishi ulipoingia. Mimi nilitaka tukodi gari, yeye alitaka treni.

Usicheke. Miaka yetu ya kwanza hapa nilisimama sana stesheni ya Lidcombe alfajiri na baridi, nikingoja treni ya kubadilishia, nikaapa kwamba nikipata leseni sitangoja treni tena maishani. Halafu Italia wanaendesha upande wa kulia kama kwetu Kongo, kwa hiyo nilijiona mwenyeji kabisa wa barabara zao. Nikamwambia kijijini kwa mtawa hakuna stesheni, treni itatuacha bondeni na mabegi yetu. Akanijibu kuna basi la kupanda mlimani, ameliona kwenye simu. Akaniambia miji yao ya kale ina mitaa ambayo gari la mgeni likiingia, faini inamfuata mpaka kwao. Nikasema faini ni yangu. Sababu yake ya kweli aliitoa mara moja tu.

"Ukishika usukani hunisikii," aliniambia. "Mi nataka tukae pamoja, tule, tuangalie inje."

Mimi nikaendelea na gari langu. Ndivyo nilivyokuwa, mbishi wa kupindukia, na yeye alinioa hivyo hivyo, kama alivyopenda kusema kwa kunitania.

Korona ikaja, mipaka ikafungwa, tiketi zikafutwa. Ubishi wetu haukufutwa. Majira ya baridi ya mwaka wa pili, Sydney ikiwa imefungwa tena, Mama Chantal akashikwa na tumbo, akalazwa. Haikuwa korona, lakini kwa sababu ya korona hatukuruhusiwa kumwona. Kila jioni nilimpigia simu kutoka nyumbani Toongabbie, na tukishamaliza habari za chakula tulirudi Italia, mimi na gari langu, yeye na treni yake. Ungenisikia ungedhani tunaondoka Jumamosi. Nilikuwa na hofu sana siku zile, na ubishi ule ndio ulionishikilia.

Siku moja daktari akataka tuzungumze sote kwa simu, yeye na mke wangu wodini, mimi nyumbani, na mkalimani. Kiingereza cha Mama Chantal kilikuwa cha jikoni na cha dukani tu. Mimi nikasema mkalimani hahitajiki, mumewe nipo. Unajua desturi yetu: habari mbaya wanaambiwa jamaa, mgonjwa anafichwa asije akakata tamaa. Nilidhani namlinda.

Daktari akaongea taratibu, kwa upole. Akasema ugonjwa umesambaa, dawa haziwezi tena, watamtuliza maumivu tu. Akasema muda ni mfupi, na kama kuna watu anaotaka kuzungumza nao au mambo anayotaka kusema, ayaseme sasa. Kisha akanyamaza ili nitafsiri.

Nikasema, "Anasema watabadilisha dawa."

Nikatafuta kitu chochote cha kumpa mke wangu, sikuwa na kingine.

"Na nimefikiri," nikamwambia. "Tutaenda na treni."

Daktari akauliza kama ameelewa, nami nikajibu kwa Kiingereza kwamba ameelewa vizuri. Ndipo mke wangu akaniuliza, "Docteur amesema nini kabisa?"

"Nimekuambia. Ni dawa."

"Sawa," akasema. "Basi twende na gari lako."

Hakuitaja Italia tena. Alinijua, mwanangu. Mtu aliyembishia miaka yote ile hawezi kulainika dakika moja bila sababu. Akaona siwezi kulisema la kifo, akanihurumia, akaamua kunisaidia kulificha. Sisi tuliachana siku ile, hata kabla hajafa.

Mwishoni waliniruhusu kuingia, peke yangu, na barakoa na gauni la plastiki. Nilikaa pale siku kadhaa. Aliniuliza kama nakula, kama Chantal binti yetu amebadilishiwa zamu kazini. Nami nikamjibu. Kila nilipofungua mdomo niseme la kweli, yalitoka yale ya dawa. Alikata roho tukizungumzia nguo za kufua.

Baada ya mazishi mama yake alipiga simu kutoka Uvira. Hakulia. Akauliza, "Mutoto wangu aliniachia neno gani?"

Nikasema ugonjwa ulikwenda haraka. Akauliza kama mwanawe alijua anakufa. Nikasema sikumwambia, nilikuwa namlinda.

"Uliogopa kulia mbele yake," akasema, "halafu ukasema unamuchunga."

Akakata simu. Naye ameshakufa sasa, akingojea neno ambalo sikumwachia mwanawe nafasi ya kulisema. Watu huniambia muda utaniponya. Kwangu muda umefanya kazi moja tu, kunionyesha vizuri zaidi nilichofanya. Sina faraja ya kukupa juu ya hilo, na sitaitunga.

Ninachoweza kukupa ni hiki. Kesho mwombe daktari mkalimani, mtu wa kazi hiyo, nawe ubaki mtoto wa mama yako, umshike mkono. Mkalimani akikosekana, toa kila neno kama lilivyotoka kwa daktari, hata sauti ikikukatika. Usichague unachodhani mama anaweza kukibeba. Amebeba mengi kabla hujazaliwa. Akilia, lieni wote. Mgonjwa ana watu wa kuwaaga, ana ya kusamehe, ana ya kuagiza, na ukimficha hali yake umemnyang'anya hayo yote. Na usianze ghafla kuwa mpole kuliko ulivyo. Kama mlizoea kugombana, gombaneni, lakini ajue ukweli.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi imara kesho, na ukitetemeka useme hivyo hivyo. Na siku yako itakapofika, nakuombea uwe na mtu atakayekuambia ukweli kwa lugha unayoielewa, halafu akae nawe.