Meza ya Vigae Uani kwa Mama Upokoina

Nyumba ndogo ambayo jirani yangu, Mama Upokoina, alikuwa akiwapangisha watalii pale Titikaveka ilijengwa na mumewe, Tutai. Alipofariki tulimzika uani, mbele ya nyumba hiyo, kama tunavyozikana sote hapa kisiwani Rarotonga, tukamjengea kaburi la saruji na vigae vyeupe. Kila Jumamosi Mama alivisugua na kubadilisha maua. Wageni waliokuja kupitia kampuni moja ya mtandaoni ya kupangisha nyumba walimkuta hapo na brashi yake, wakamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Aliwasimulia, na ndizi akawapa.

Akaja mgeni mmoja aliyeondoka asubuhi bila kuaga. Kufika mchana, nyumba ikawa imefutwa mtandaoni.

Mama akapiga simu huduma kwa wateja. Nilikuwa naye barazani namenya magimbi, akafungua spika ili nami nisikie. Muziki wa kusubiri ulipigwa hadi magimbi yakaisha.

"Habari yako, Upokoina! Naitwa Dilan. Unaendeleaje leo?"

"Vibaya. Na niite Mama. Bibi yako humwiti jina tupu."

"Pole sana, Upokoina. Naelewa usumbufu ulioupata. Mgeni ameripoti kitu cha hatari uani."

"Kitu gani?"

"Kaburi."

"Hicho si kitu. Ni mume wangu."

"Naelewa. Je, kinaweza kuondolewa?"

"Kiondolewe kiende wapi, mwanangu?"

Akasema anamhamishia kwa mkubwa wake. Simu ikakatika.

Mama akawa anapiga kila siku. Kila aliyepokea alitaka aelezwe upya, kwa hiyo kila siku Mama akamzika Tutai upya: aliugua nini, alilazwa wapi, kwa nini uani. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyeshusha sauti. "Mama, nakuelewa kabisa. Lakini kompyuta yangu ina majibu mawili: hatari imeondolewa, au haijaondolewa. Nisamehe."

"Huyo amelelewa," Mama akaniambia baada ya kukata simu. Ndiyo faida pekee aliyoipata.

Kisha bintiye, Tereapii, ambaye ndiye aliyemfungulia tangazo la nyumba mtandaoni, akapiga kutoka Auckland. "Mama, usihangaike nao tena. Nimeshamalizana nao."

"Umemalizanaje?"

"Nimemalizana tu. Pokea wageni."

Na kweli wageni wakarudi. Mchana mmoja tunatoka kanisani, tukakuta vijana wawili wamekaa juu ya Tutai, chupa za bia katikati yao, taulo zimeanikwa kwenye vigae, shada la maua limesukumwa chini.

"Shukeni! Shukeni hapo, nyie!"

Waliruka. Mmoja alishtuka kweli, uso ukamwiva. "Samahani, Mama. Si ndiyo meza ya nje?" Akatuonyesha simu yake. Picha ilikuwa ya vigae vitupu, imepigwa kutoka upande usio na jina la Tutai, na chini yake pameandikwa: meza ya vigae ya kulia chakula bustanini.

Mama hakuwagombeza tena. Aliwakunjia taulo, akawapa mkononi, akaingia ndani kumpigia mwanawe.

"Tereapii, umemfanya baba yako meza?"

"Ulitaka nifanyeje? Nyumba ikae tupu? Wale watu hawaelewi kaburi, Mama. Meza wanaielewa."

"Wao hawakumjua. Wewe alikubeba mgongoni."

"Usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia nini? Nakukumbusha."

Siku ile ile akaipigia kampuni waifute nyumba yake. Safari hii alipokelewa mara moja, hata muziki haukupigwa. "Tunasikitika kukupoteza, Upokoina," sauti ikasema. "Ungependa kutueleza sababu?"

"Nimewaeleza mpaka nimechoka."

Wakamuuliza kama angependa kuitathmini huduma aliyopata. Akaiweka simu mezani, ikaendelea kuuliza peke yake.

Tereapii hakuja Krismasi ile, wala iliyofuata. Hunipigia mimi, kuuliza kama mama yake anakula vizuri. Nikimfikishia Mama salamu, huuliza jambo moja tu: "Amemwomba baba yake radhi?"

Namjibu bado. Hapo huniuliza habari za mvua.